Sura ya Tisa: Watu wa Renatus

Waliohudhuria kikao cha Jumapili ile, baada ya ibada ya asubuhi, nyumbani kwa Mzee Tharsisi Nduwayezu wa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, walikuwa hawa: Mzee Tharsisi mwenyewe, mwenye mji, mkewe, Mama Kezia; mdogo wa Mzee, Reverien; dada yao, Herieth, aliyekuja kwa pikipiki kutoka mjini; Renatus, muuzaji wa mashine za kupukuchua mahindi, aliyekuja kuposa, Mwalimu Gasper, mshenga wake, na Kezia, binti aliyeposwa, ambaye aliketi mkekani pamoja na mama yake, karibu na mlango wa uani. Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2014, na mahindi ya mlimani yalikwisha kuingia ghalani.

Hakuna aliyechelewa. Viti vilitosha. Mezani palikuwa na jagi la umutobe, ile juisi ya ndizi isiyochachuka ambayo familia za kilokole huwanywesha wageni badala ya pombe. Jagi lilifunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyenyoosha mkono kulifunua.

Mzee Tharsisi akaomba. Sala yake ilikuwa fupi, na Kezia akatambua kwamba hiyo si dalili njema. Baba yake alipokuwa na furaha aliwaombea hata ng'ombe wa jirani.

"Amina," wakaitikia.

"Mwalimu," Mzee alianza, akimwelekea mshenga, kwa kuwa mposaji hasemeshwi moja kwa moja, "tunashukuru kwa kufika. Mara ya mwisho tulipoketi hapa, tuliachana vizuri. Nikumbushe: tulikubaliana nini?"

Mwalimu Gasper alikuwa mwenyeji wa Rombo. Alikuwa amefundisha katika shule ya kijiji muda mrefu hata akajifunza kukohoa kwanza, kisha kusema, kama wafanyavyo wazee wa huku. Akakohoa.

"Tulikubaliana, Mzee, kwamba kijana wetu atakuja siku ya mavuno pamoja na watu wake, wafanye kazi ya ukwe."

"Pamoja na watu wake."

"Ndiyo, Mzee."

"Akaja?"

"Akaja."

"Na nani?"

Mwalimu alimtazama Renatus, akautazama mkoba wake, kisha akalitazama jagi.

"Alikuja na mashine, Mzee."

"Na haikumsalimia mtu," Reverien akasema, akacheka peke yake.

"Wewe unacheka," Herieth alimgeukia. "Mimi nilitoka Kasulu na vitenge vyangu vipya nije nipokee wakwe. Nikapokewa na bomba la moshi. Nikasema, haya, mwakeye bomba, umeamkaje, nyumbani hawajambo?"

Kezia aliyasikia maneno hayo kama mtu asikiavyo redio ya jirani kupitia ukutani. Alijua kwamba yanamhusu. Alijua pia kwamba kabla ya jua kuzama maisha yake yangekuwa yameelekezwa upande huu au upande ule, kwa kuwa Renatus alikuwa anahamia Kibondo kesho yake, na mposaji aliyekataliwa akahama harudi. Yote hayo aliyajua. Hakuna hata moja lililomgusa. Alitazama vidole vyake juu ya magoti akaona kama ni vya mtu mwingine aliyeviazima kwa muda.

Hakuwa hivi mwanzo.

Katika familia zile, ambazo mababu zao walivuka kutoka Burundi na lugha yao, na mbegu zao, na namna yao ya kufanya mambo, kijana aliyepokelewa posa huwa hajamaliza. Hungoja mavuno. Ndipo huja shambani kwa baba mkwe pamoja na ndugu na marafiki, wakafanya ikibiri, yaani ile kazi ya pamoja ambayo watu humfanyia mtu mmoja siku moja. Mahindi hutiwa magunia, magunia yakapigwa kwa fimbo mpaka punje ziachie magunzi. Wanaimba, wanataniana, wanachekana mikono laini. Jioni wanakula na wenyeji katika sinia moja. Siku hiyo baba mkwe hana haja na magunia. Anatazama nyuso. Anataka kujua binti yake anaingia katika kundi la watu gani.

Kezia alikuwa ameisubiri siku ile kwa msimu mzima. Yeye na mama yake walipika samaki wa migebuka kutoka Kigoma, maharage ya nazi, mbuzi, na ugali wa muhogo ambao mama aliusonga kwa mikono miwili. Sahani waliazima kanisani. Mzee Tharsisi alikata fimbo mbichi za mtarawanda, akazichonga vishikio, akazipanga ukutani zikiwangoja wageni.

Katikati ya asubuhi wakasikia mngurumo. Gari la bidhaa lilipanda kilima likivuta mashine nyuma yake. Renatus akashuka na fundi wake mmoja. Akamsalimia Mzee kwa mikono miwili, akasema, "Baba, leo wewe pumzika."

Mashine ilipowashwa, hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Mahindi yaliyopasa kuwashughulisha watu mpaka jioni yalikuwa yamejaa maguniani kabla vyungu havijaepuliwa. Mzee Tharsisi alisimama na fimbo mkononi, akiwa hana wa kumpa.

Hata hilo Kezia angelimeza. Kilichofuata ndicho kilichomkaa kooni. Majirani walifuata mngurumo ule. Wakaizunguka mashine, wakaanza kuuliza: inakula dizeli kiasi gani, mkanda ukikatika unapatikana wapi, maharage nayo inaweza? Renatus akawajibu. Akafungua nyuma ya gari, mlimokuwa na chumvi, sabuni za miche, viberiti, ndoo, betri za tochi. Ua wa wakwe ukageuka gulio.

Na tabasamu. Kezia alilijua tabasamu lile. Alilipata kwa mara ya kwanza gulioni, siku alipokuwa ameinama juu ya cherehani yake, uzi mweusi umemwishia na sare za wanafunzi zinangoja. Renatus alikuwa amepita, akaona, akamwekea kibunda cha uzi mezani bila kuulizwa. Kisha akatabasamu: midomo ilianza kufunguka upande wa kushoto, polepole, halafu macho yakainama kana kwamba yameona haya kwa furaha yao wenyewe. Kezia alitembea nalo mwaka mzima. Alilala nalo, aliamka nalo, alishonea nalo.

Siku ya mashine alimwona Renatus akimpa Mama Stanislaus tabasamu lilelile, kwa mche mmoja wa sabuni. Upande wa kushoto kwanza. Kisha macho yakainama.

Chakula kilifunikwa, kikasambazwa kwa majirani. Kezia na mama yake walipokuwa wakipita na sahani njiani, bibi mmoja aliuliza ni nani aliyefariki.

"Kaka, tuseme ukweli," Reverien alikuwa akisema sasa. "Mimi nimeyaona yale mahindi. Hakuna punje iliyovunjika. Kazi imefanyika au haikufanyika?"

"Imefanyika."

"Basi tunagombana na nini? Mwaka kesho mashine iko kwa mkweo, sisi tunakunja nne tunatazama. Mgongo wangu umekubali posa hii zamani."

"Mgongo wako ungekubali posa ya trekta," Herieth akasema. "Haukuulizwa."

"Mzee," Mwalimu Gasper aliingilia kwa upole, "kijana alikosea. Ametutuma tuombe radhi, na mimi naomba radhi kwa niaba yake. Ila naomba pia tumtazame alivyo. Wazazi wake walikufa Kasanda angali mdogo. Bibi aliyemchukua naye akafa. Amelelewa dukani Kasulu, analala juu ya magunia ya chumvi. Ukimwambia alete ndugu, unamwambia alete asichokuwa nacho."

Mzee Tharsisi alimgeukia mshenga ili ajibu. Kuku aliingia kwa mlango wa uani, akatembea mpaka katikati ya wazee, akaona hapamfai, akatoka.

"Uyatima si kosa, Mwalimu. Baba yangu alifika nchi hii na mtoto mgongoni na jembe begani. Hakuwa na mtu. Alilima kwa jirani mpaka jirani akawa ndugu. Leo ukipiga kelele hapa usiku, kilima chote kinatoka. Watu, mtu hazaliwi nao tu. Wanatafutwa." Akamtazama Renatus kwa mara ya kwanza. "Kijana huyu ameuza mashine Kasanda, Kakonko, Kibondo. Hata kwenye kambi ya wakimbizi, Nyarugusu, wanamwita kwa jina. Watu wote wanamjua. Na katika hao wote, hakuna hata mmoja wa kumwambia, twende ndugu yangu tukapige mahindi?"

Renatus aliinamisha kichwa. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na kola ilikuwa imembana shingoni.

"Kesho anahamia Kibondo," Mwalimu alisema. "Tajiri wake anafungua duka jingine, yeye ndiye atakayelisimamia. Tunaomba jibu leo, Mzee, hata kama ni chungu."

"Mtalipata. Tokeni nje kidogo, sisi tushauriane."

Wageni walipotoka, Herieth alilifunua jagi, akajaza vikombe viwili, akamwashiria Kezia.

"Wapelekee umutobe. Na usikimbie kurudi. Mimi nitakuwa dirishani. Macho yangu bado yanaona mbali."

Walikuwa wamesimama nyuma ya ghala. Mwalimu Gasper alipokea kikombe chake, akashukuru, akasema angependa kuitazama migomba ya Mzee, maana kwao Rombo nako kuna migomba. Akaondoka akiikagua mmoja mmoja, mgongo wake ameuelekeza kwao kwa adabu.

Kezia alimpa Renatus kikombe cha pili.

"Kunywa."

"Kezia."

"Kinapata joto."

"Hata kunitazama hutaki?"

"Nakutazama."

Ni kweli alikuwa akimtazama. Aliyaona mafuta meusi ya mashine yaliyogoma kutoka kwenye pindo za kucha zake. Aliona alipojikata kidogo chini ya kidevu wakati wa kunyoa. Zamani kidonda kidogo kama kile kingemfanya anyooshe kidole. Leo alikiona tu.

"Una hasira na mimi," Renatus alisema.

"Ningekuwa na hasira ningejua la kufanya. Ningekutukana, ungeomba radhi, tungelia, ingekwisha."

"Basi una nini?"

"Umewahi kung'olewa jino?"

"Mara moja."

"Daktari anakuchoma ganzi. Unaona koleo likiingia. Unasikia mfupa unavyolia ndani ya kichwa chako. Lakini huumwi. Ndivyo nilivyo tangu siku ile. Nangoja iishe niumie kama watu wengine."

Renatus hakujua aweke wapi kikombe. Akajaribu kutabasamu. Midomo ikaanza kufunguka upande wa kushoto.

"Hilo usinipe," Kezia alisema taratibu. "Nimeliona likiuza sabuni."

Tabasamu lilizimika. Uso uliobaki nyuma yake, Kezia hakuwa ameuona kabla: uso mtulivu, umechoka, mkubwa kidogo kuliko umri wake.

"Sina lingine," alisema. "Hilo nililipata dukani. Tajiri aliniweka mlangoni, akaniambia asiyecheka hauzi. Nikacheka. Niliwachekea watu wote, nikala. Sasa hata mimi sijui lipi ni la biashara na lipi ni langu."

"Lile la gulioni? Siku ya uzi?"

"Siku ile sikuwa nauza kitu."

"Lakini lilikuwa lilelile."

"Lilikuwa lilelile," alikubali. "Ndilo nililokuwa nalo."

Upepo wa mchana ulipita juu ya mabua yaliyolala shambani, ukayachakacha, ukaenda zake. Kule migombani, Mwalimu Gasper alikuwa amefika mgomba wa mwisho, naye akaanza upya na ule wa kwanza.

"Niambie jambo moja," Kezia alisema. "Kwa nini ulikuja peke yako?"

"Niliomba watu."

"Nani?"

"Wenzangu wa gulioni. Wakasema siku ya gulio haiachwi. Nikawaomba wateja wangu, wale niliowauzia mashine, wale wanaoniita mtu wao. Wakacheka. Wakaniambia, Renatus, wewe una mashine, sisi wa nini?" Alikizungusha kikombe mkononi. "Mwishowe nikaenda kule barabara ya Nyarugusu, wanapokaa vibarua wakingoja kazi. Nikapatana nao. Mmoja wao Mkongo, mtu mzima, mcheshi sana. Akaniambia, 'Patron, mimi nitakuwa mjomba wako, hakuna matatizo. Ukitaka hata kulia, nitalia.'"

Kwa siku nyingine Kezia angecheka. Aliona mahali ambapo kicheko kingekaa.

"Mbona hukuwaleta?"

"Nilifika asubuhi na gari kuwachukua. Walikuwa wamejipanga, wamevaa vizuri. Yule mjomba alikuwa amefunga tai, Kezia. Tai, kwenda kupiga mahindi. Nikakufikiria wewe unammwagia maji mikononi, unapiga goti, unamwita baba. Na baba yako anamtazama usoni, anajiambia, haya, mwanangu anaingia kwa watu hawa. Nikashindwa. Nikawalipa siku yao, nikageuza gari. Nikajiambia, kama sina watu, basi nipeleke kitu nilichonacho."

"Ukaleta mashine."

"Nikaleta mashine."

"Na kuuza? Nani alikutuma uuze uani kwa baba yangu?"

Renatus alitazama upande wa ua. Kezia akangoja. Kungoja hakukumchosha siku zile.

"Hakuna aliyenituma," alisema mwishowe. "Nilipozima mashine nikamwona baba yako na fimbo yake, na zile sahani, nikaelewa nimefanya nini. Sikujua nisimame wapi. Halafu mtu akaja akaniuliza bei ya mkanda. Nilifurahi, Kezia. Asubuhi nzima, hapo ndipo palikuwa mahali pa kwanza nilipojua mtu anasimamaje."

Alisema hayo bila kujitetea, kama mtu anayetaja mahali anapoumwa. Kezia aliyapokea. Hayakumwasha ndani, wala hayakumpoza. Yalitua tu, yakakaa mahali pake, kama kitambaa kilichokatwa sawasawa kinavyotulia mezani kabla hakijashonwa.

"Baba akikataa utafanya nini?"

"Nitaenda Kibondo. Sitakusumbua."

"Hutaniomba nikufuate?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ukinifuata bila ridhaa yao utakuwa kama mimi. Mtu asiye na watu. Sitaki ulijue hilo. Ni baridi."

Mkono wake uliinuka, ukakaribia mkono wa Kezia uliokuwa juu ya ukuta wa ghala, ukasimama kabla ya kuugusa. Kutoka dirishani, Shangazi Herieth akakohoa. Mkono ukarudi kwenye kikombe.

Walipoitwa ndani, kila mtu aliketi pale alipokuwa ameketi mwanzo. Reverien alikuwa amenuna, na Kezia akaelewa maana yake kabla baba yake hajafungua kinywa.

"Mwalimu," Mzee Tharsisi alisema, "tumezungumza. Kijana wako si mtu mbaya. Hajatutukana, na radhi tumeipokea. Lakini binti yangu simtoi kwa mtu asiye na watu. Akiugua kule Kibondo, nani atabeba machela? Akijifungua, nani atampikia uji? Wakigombana, maana watagombana, atakwenda kwa nani kushtaki? Mashine?"

Safari hii Reverien hakucheka.

"Hilo ndilo jibu langu. Naomba msiondoke na kinyongo."

Mwalimu Gasper aliinamisha kichwa. Renatus alisimama, akakunja mikono mbele yake.

"Nimesikia, Baba. Asante kwa kunisikiliza." Kisha, kwa Mama Kezia: "Mama, chakula cha siku ile sikukila. Nisamehe kwa hilo pia."

Akageuka kutafuta kofia yake. Kezia alimtazama akiitafuta mahali isipokuwapo: juu ya dirisha, chini ya kiti, mezani. Alikuwa ameishika mkononi. Hapo ndipo Kezia alipojikuta amesimama. Hakukumbuka kuamua kusimama. Miguu ilikuwa imemtangulia.

"Baba, naomba kusema."

"Kikao kimefungwa, mwana wanje," Mzee alisema, akimwita mwanawe kwa Kirundi.

"Najua, Baba."

"Binti hajibu posa yake mwenyewe," Herieth alisema, lakini bila ukali, kama mtu anayesoma kanuni kwa sababu inapasa isomwe.

Mama Kezia, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno zaidi ya amina, aliuweka sawa mtandio wake.

"Mwacheni aseme," alisema.

Hapakuwa na aliyezoea kumkatalia Mama Kezia, kwa kuwa aliomba mara chache. Mzee Tharsisi akaegemea kiti.

"Sema."

"Shamba la bondeni bado halijavunwa," Kezia alisema. Sauti yake ilikuwa tambarare, haikutetemeka, na yeye mwenyewe alishangaa kuisikia. "Lilipandwa mwisho. Mahindi yake ndiyo kwanza yamekauka."

"Nalijua shamba langu."

"Jumamosi Renatus atakuja kulivuna. Atavuna na kupiga magunia kwa fimbo, siku moja, kama desturi. Hatakuja na mashine, wala gari, wala bidhaa."

Akamgeukia Renatus. "Utakuja?"

"Nitakuja."

"Kutoka Kibondo?"

"Kutoka popote nitakapokuwa."

Hakutabasamu. Kezia akaona hilo.

"Hayo ni mazuri," Mzee Tharsisi alisema. "Lakini tatizo halikuwa mashine. Nimeuliza toka asubuhi. Atakuja na nani?"

"Na mimi, Baba."

Mwalimu Gasper alisahau kukohoa.

"Wewe ni wa kwangu," Mzee alisema.

"Siku nyingine zote, ndiyo. Jumamosi nitaondoka hapa mapema, niende nikamngoje njia panda. Tutaingia shambani pamoja, kutokea upande wanaotokea wageni. Nitapiga mahindi kwa upande wake. Jioni nitanawishwa mikono kama mgeni, nitakula kama mgeni. Umesema watu wanatafutwa. Basi, Renatus amempata wa kwanza."

"Haijawahi kutokea," Herieth alisema. "Mtoto wa mji kumfanyia baba yake kazi ya ukwe. Watu watatucheka mpaka Kasulu."

"Walikwisha kucheka, Shangazi. Watamalizia tu."

Reverien alijikuna kidevu. "Na ikiwa kazi haikuisha siku hiyo? Nyie wawili, shamba lile lote?"

"Tutarudi kesho yake, Baba mdogo. Ukichoka kututazama, fimbo ziko ukutani. Hatutakuuliza wewe ni wa upande gani."

Herieth alimtazama mpwa wake kwa makini, kama anayempima nguo.

"Unampenda kiasi hicho?"

Kezia alitafuta ndani yake jibu la kweli. Alikuta pakiwa kimya bado, kama chumba kilichofagiliwa. Angeweza kudanganya, wote walikuwa wakingoja aseme ndiyo, hata Renatus, hasa Renatus.

"Leo sijui, Shangazi. Leo sisikii kitu. Lakini hisia zikinirudia, nataka zinikute nimesimama pale. Sitaki zinikute hapa nikiwauliza watu yeye alielekea wapi."

Renatus alifumba macho, akayafumbua.

Mzee Tharsisi aliitazama mikono yake mwenyewe, mikono ya mtu aliyefundishwa kulima na baba asiye na ndugu. Aliigeuza, akaangalia viganja.

"Jibu langu la leo sijalibadili," alisema. "Lakini shamba ni langu, na mtu anayeingia shambani mwangu kunisaidia kazi simfukuzi. Jumamosi nitakuwepo. Nitatazama."

"Asante, Baba."

Kezia aligeuka, akapiga goti mbele ya mkeka.

"Mama," alisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Jumamosi utupikie. Wageni tutakuwa wawili."